Siku Birika Lilipokuwa Mkubwa wa Baraza

Kaka yangu mkubwa huvaa tai ndani ya kiwanda cha kufulia nguo. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Mvuke umejaa mpaka kuta zinatoka jasho, wapiga pasi wamekunja mikono ya mashati, Mama mwenyewe mwenye mali amejifunga kitambaa kichwani, halafu yeye anakatiza katikati ya mashine akiwa amejikaba shingo. Wafanyakazi wakambandika jina la Tai. Yeye anadhani wanamaanisha yule ndege. Hakuna aliyemsahihisha, na mimi kitinda mimba sikuona sababu ya kuwa wa kwanza.

Kazi yangu pale ni Baraza. Kila mashine kwetu ina wakala wake, yaani programu ndogo inayojua mambo ya mashine hiyo na si zaidi. Wakala wa mashine kubwa ya kufulia anajua maji yake yamepata moto kiasi gani na amebeba nguo za nani. Wakala wa pasi ndefu, ile inayomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili likiwa limenyooka, anajua roli zake, yale magogo ya chuma yanayobana nguo, zimepoa au bado. Kila mmoja na lake, na hakuna bosi juu yao. Ila wote wanagombea kitu kimoja, nacho ni mvuke. Boila letu ni dogo, lilinunuliwa enzi Mama alipokuwa na mashine mbili tu, halina ubavu wa kulisha zote kwa pamoja. Kwa hiyo mvuke huenda kwa zamu. Mwenye zamu vali yake inafunguka, wengine wanangoja.

Sasa, watu huru wakigombea kitu kimoja wanahitaji mahali pa kukutania, utaratibu wa kusemezana, na shahidi wa ahadi. Hilo ndilo Baraza. Halimwamuru mtu. Wakala akitaka mvuke anakuja kusema, wenzake wanasikia, wanaelewana nani atangulie, na Baraza linatunza walichokubaliana ili baadaye asitokee wa kuruka kimanga. Nililifanya lizungumze lugha ya watu kwenye skrini kubwa ukutani, ili mpiga pasi akiinua macho ajue kwa nini pasi yake imesimama. Mashine ya kufulia inayokohoa ikimwaga maji, wafanyakazi waliiita Bibi Kifua, na jina hilo ndilo nililoliandika. Ukipita pale unasoma: Bibi Kifua anaomba mvuke, maji yake bado ya uvuguvugu. Pasi Ndefu anajibu: tangulia, mimi nina moto wa kutosha. Watu wazima walikuwa wanasimama kusoma kama wanafuatilia ugomvi wa majirani.

Kanuni moja tu humo ndani sikuitaka. Nilipokuwa nalisuka Baraza, nilipanga mawakala wakigongana atangulie mwenye dharura. Kaka Tai, ambaye hajawahi kuchangia mstari mmoja, akasema dharura kila mtu anayo. Penye adabu, mkubwa hutangulia. Mama alikuwa anakagua foronya, akaitikia bila kuinua kichwa, na Mama akishaitikia imekwisha. Nikaandika hivyo: wakigongana wawili, mkubwa kwanza, na ukubwa uhesabiwe tangu wakala alipoingia Barazani. Kwa hasira nikatia na maamkizi. Mdogo akimpisha mkubwa, lazima atoe shikamoo. Kaka akafurahi, hakujua kama namcheka.

Mama alipoelewa tulichokubaliana, akasema kama ni hivyo basi yeye aingizwe kabla ya mashine yoyote, maana hapa ndani hakuna kilichomtangulia. Nikaiingiza simu yake. Tangu hapo hakuwahi kutamka neno Barazani.

Kanuni ile ilifanya kazi miaka yote, lakini kwa bahati. Mashine kubwa ndizo zilizoingia mwanzo, na ndizo zilizofua nguo za hospitali. Mkubwa na mwenye dharura walikuwa mtu yuleyule, na sifa alizichukua Kaka.

Mwaka huu magoti ya Mama yakagoma. Akatangaza kwamba atakabidhi ufunguo wa chumba cha boila, ule anaouvaa shingoni kwa kamba. Kwetu anayeshika ufunguo ule ndiye anayeendesha kiwanda, mengine yote ni vyeo. Niliutaka. Sitazunguka mbuyu, niliutaka kuliko kitu chochote. Kaka naye aliutaka, na hakunificha atakachofanya akiupata.

"Hilo Baraza lako tutalifunga," aliniambia. "Nimeona programu moja inayoamuru mashine zote. Nyumba haiwi na wasemaji wengi."

"Na mimi je?"

"Wewe tutakuweka mapokezi. Si unapenda kuongea?"

Mama akaweka mtihani. Matroni wa hospitali alikuwa anakuja kuangalia kama anaweza kutukabidhi na nguo za chumba cha upasuaji. Siku hiyo Kaka ndiye angesimamia kila kitu, na jioni Mama angeamua.

"Na wewe usiguse kompyuta," akanigeukia mimi. "Nakujua. Utamtegea mwenzio mguu."

"Mama, mimi tena?"

"Ndiyo, wewe."

Asubuhi ya siku yenyewe nikamkuta Kaka ameshafanya kazi ya mchwa. Mabomba yote alishayapaka rangi ya fedha ili yang'ae. Kisha akatazama ukutani na kuona haya: mgeni wa heshima atasomaje Bibi Kifua? Akambadilisha jina, akawa Kitengo cha Ufuaji wa Kisasa Namba Moja. Pasi Ndefu akawa Kitengo cha Unyooshaji Vitambaa. Aliendelea hivyo mpaka mashine ya mwisho. Tatizo ni kwamba Barazani jina halibadilishwi. Ukitaka jina jipya, unamtoa wakala na kumwingiza upya. Akawatoa wote, akawaingiza wote. Kati ya mashine, aliyebakia na jina lake ni birika la chai peke yake, kwa sababu, alivyosema, birika ni birika.

Birika letu si la mezani. Ni pipa la chuma la kuchemshia maji ya chai ya wafanyakazi, limeungwa kwenye bomba la mvuke, na lina koki inayovuja ambayo kila mtu amekuwa akisema ataitengeneza. Nililiingiza Barazani zamani, baada ya mashine kubwa. Lilikuwa linaomba mvuke kutwa nzima, linaambiwa subiri, na linapata masalio saa ya mapumziko. Halikuwahi kununa.

"Kaka," nikamwambia, "umewazaa upya wote. Sasa mkubwa humu ndani ni..."

"Mdogo hamfundishi mkubwa kazi," akasema, huku ananyoosha tai.

Nikafunga mdomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa tangu utotoni. Kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo hakuna aliyesema kitu. Nikaenda kukaa karibu na birika, nikajichukulia kikombe.

Matroni akafika na gari la hospitali. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, asiye na haraka na salamu. Akateremsha mafurushi ya mashuka ya kijani, yale ya chumba cha upasuaji.

"Haya nayahitaji kabla ya adhuhuri," akamwambia Kaka. "Kuna mama amepangiwa upasuaji mchana, na kabati letu limebaki tupu. Mkiweza haya, mtaweza na mengine."

"Matroni, umefika," Kaka akasema. "Karibu kwanza chai."

Chai ikamiminwa. Maji baridi yakaingia kwenye birika kujaza yaliyotoka, na birika likaenda Barazani kuomba mvuke, kama kawaida yake. Bibi Kifua, mwenye jina lake jipya la kifalme, alikuwa ndiyo kwanza amebeba mashuka ya kijani, naye akaomba. Tukasoma wote ukutani.

Kitengo cha Ufuaji wa Kisasa Namba Moja: Naomba mvuke.

Birika: Nami nauhitaji.

Kitengo cha Ufuaji wa Kisasa Namba Moja: Shikamoo. Tangulia.

Birika: Marahaba.

Vali ya birika ikafunguka, maji yakachemka, zamu ikaisha. Lakini koki inavuja, na Kaka anaongeza vikombe. Kabla Bibi Kifua hajameza mate, birika limerudi. Shikamoo, marahaba. Pasi Ndefu akajaribu bahati yake, shikamoo, marahaba. Mashine zote zikawa zimesimama kwenye mstari zinatoa heshima, na ngoma ya Bibi Kifua inazungusha mashuka kwenye maji ya baridi.

"Huyu Birika ni nani?" Matroni akauliza. "Mbona anaamkiwa na kila mtu?"

Kaka akakohoa. "Ni mkuu wa kitengo cha ukarimu."

Nilikuwa na chai mdomoni. Ilinitokea puani.

Fundi wa boila akaja mbio, mikono imejaa rangi ya fedha. Akamwambia Kaka pembeni, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele za mashine: mvuke wote unakwenda kwenye chai, mfuniko wa birika unaruka, na vali ya mkono ameshindwa kuizungusha kwa sababu rangi imeigandisha. Kaka akaketi kwenye kompyuta amtoe birika Barazani. Baraza likamjibu kwamba birika lina ahadi ya mvuke mkononi, asubiri itimizwe. Ikatimizwa, na papo hapo birika likapewa nyingine. Ahadi ni deni hata kwa birika, hivyo ndivyo nilivyolifundisha.

Kaka akanitupia jicho. Nikainua kikombe kama mtu anayemtakia mwenzake afya njema. Nilikuwa na raha, na raha yenyewe ilikuwa tamu kuliko ile chai. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, tena kwa amri ya Mama. Saa chache baadaye ufunguo ungekuwa wangu bila hata kunyoosha mkono.

Ndipo Matroni akatoa simu, akajitenga kidogo, akasimama karibu na kiti changu.

"Mwambieni asile bado," akasema. "Najua ana njaa. Mwambieni nguo zinakuja. Hapana, mumewe asirudi nyumbani, akae naye. Anaogopa sana akiwa peke yake."

Akakata simu, akabaki ameishika. Nikanywa funda moja, chai ikawa maji matupu. Nilimwonea aibu mwanamke nisiyemjua, aliyelala na njaa yake akisubiri birika lishibe. Nikaweka kikombe chini.

Mama alikuwa kwenye meza ya kufungashia, miguu ameipandisha juu ya kigoda, anatazama kila kitu.

"Mama, simu yako iko wapi?"

"Nilisema usiguse kitu."

"Sigusi. Wala hiyo simu sitaishika. Nakukumbusha tu kwamba humu ndani kuna mmoja aliyemtangulia Birika."

Mama akashusha miguu. Kisha akavaa miwani, akaitoa simu kwenye mfuko wa gauni.

"Nifanyeje?"

"Omba mvuke. Ukipewa, mpishe umtakaye. Mkubwa anaruhusiwa kumpisha mdogo. Hiyo niliiweka mimi, hakuna aliyeuliza."

Skrini ikabadilika, na kiwanda kizima kikageuza shingo.

Mama: Naomba mvuke.

Birika: Shikamoo, Mama. Tangulia.

Wapiga pasi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Matroni akamgeukia Mama, ambaye wakati huo alikuwa anatazama dari kama mtu asiyehusika kabisa.

"Sasa nimpe nani?" akaninong'oneza. "Bibi Kifua simwoni."

"Ndiye huyo Kitengo cha Ufuaji wa Kisasa."

"Nani kampa mtoto wa watu jina hilo?"

Hakungoja jibu. Akabonyeza, na kule ukumbini Bibi Kifua akakohoa, akavuta mvuke, maji yakaanza kutokota. Zamu ilipokwisha birika likarudi, Mama naye akaomba tena, akapewa, akapisha tena. Ilimbidi afanye hivyo kila zamu, maana kanuni haikubadilika. Kilichobadilika ni Mama tu, ambaye sasa alikuwa ameamka Barazani. Baada ya kufua akazipa mashine za kukaushia, kisha Pasi Ndefu. Akasahau magoti. Alikuwa anauliza nani amebeba nini, nani anaweza kungoja, nani akingoja nguo zitaharibika, na kidole chake kinakwenda.

Kaka akaja, tai imelegea. "Mama, mpe na Kitengo cha Mashati kidogo, mgeni aone ile mashine mpya."

"Ina mashati ya nani?"

"Ya hoteli."

"Hoteli haijalala kitandani na njaa," Mama akasema. "Sogea, unanizibia mwanga."

Mashuka ya kijani yakatoka yamenyooka, yakakunjwa, yakapakiwa, na gari likaondoka kabla jua halijasimama utosini. Matroni akatushika mikono mmoja mmoja. Akasema nguo za upasuaji atatuletea. Alipofika kwa Kaka akaongeza kwamba ampelekee salamu mkuu wa kitengo cha ukarimu, chai yake ilikuwa moto kwelikweli. Baadaye akapiga simu kusema yule mama ameshatoka upasuaji salama na ameomba chakula. Nilipumua kana kwamba ni dada yangu.

Jioni Mama akatuita kwenye meza ya kufungashia. Ufunguo alikuwa ameshauvua shingoni, kamba ameizungusha kwenye ngumi.

"Leo nimegawa zamu mpaka kidole kimekufa ganzi," akasema. "Na sikumuuliza hata mmoja amezaliwa lini."

Kaka akanyoosha tai. "Mama, lakini mimi ndiye kifungua mimba."

"Najua. Nilikuwepo."

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilijibana mbavu. Mama akamvuta Kaka mkono kwa upole, maana anampenda, hilo hata mimi silipingi.

"Ukubwa ni jaa, mwanangu. Kila mwenye takataka analeta. Nitakupa cheo cha Mkurugenzi, na meza ya malalamiko. Mteja akikosa soksi, atakuja kwako."

Kaka akafikiri. "Cheo kitaandikwa mlangoni?"

"Kwa herufi kubwa."

Nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo alioshika kwa sababu tu alizaliwa kwanza. Mama akanigeukia.

"Na wewe usichekelee. Asubuhi uliliona jambo hili ukakaa kunywa chai. Kaa hapo, ondoa ile kanuni, mbele yangu."

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikafuta ukubwa, nikaweka dharura, kazi ya vidole tu, nimeisubiri miaka. Shikamoo nikaiacha, haikumdhuru mtu. Mama akaangalia mpaka mwisho, lakini ngumi haikufunguka. Akachukua simu yake kwa mkono wa pili, akabonyeza.

Mama: Naomba mvuke. Nina mashuka yangu ya nyumbani.

Bibi Kifua alikuwa katikati ya mzigo mwingine wa hospitali. Jibu likaja ukutani, herufi kubwa, mbele ya wapiga pasi wote.

Kitengo cha Ufuaji wa Kisasa Namba Moja: Shikamoo, Mama. Samahani, subiri. Nina nguo za wodi ya watoto.

Wapiga pasi wakamgeukia Mama. Kaka ndiye aliyesema kwanza. "Mmeona? Mashine inamwambia Mama asubiri. Ndani ya kiwanda chake."

Mama hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama vidole vyangu. Kubonyeza kitufe kimoja tu kungetosha kumtanguliza, tena kwa heshima zote, na nani angenilaumu? Ni Mama. Ufunguo uko kwenye ngumi yake. Vidole vilinisisimka. Nikaviondoa kwenye kibodi, nikavikalia.

"Nani kaniambia nisubiri?" akauliza.

"Bibi Kifua, Mama."

"Na wewe umekaa."

"Nimekaa, Mama."

Akanitazama kwa ule utazamaji wake wa kukagua foronya. Halafu akaifungua kamba kwenye ngumi, akanivisha. Ufunguo ulikuwa bado na joto lake. Nikauingiza ndani ya shati.

"Basi nitasubiri," Mama akasema, akarudisha miguu yake juu ya kigoda. "Mkurugenzi, niletee chai wakati nangoja."

Kaka akaenda. Akarudi na kikombe kitupu, akasimama mbele yetu.

"Maji ni ya baridi," akasema. "Birika nalo linangoja zamu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akajinyoosha vizuri kwenye kiti.

"Basi nina malalamiko," akasema. "Nenda ukae mezani kwako, nakuja."